Boksi la rangi 12 mbele ya chupa ya mawese

Wengi wanaoanza kuchora kwa rangi za maji huanza na boksi la Cotman la vidonge 12, lile dogo la mfukoni linalotengenezwa na Winsor & Newton. Tathmini hii inalipima kwa kazi moja tu, kuchora vitu tuli, na vitu vyenyewe ni vya Kigoma: chupa ya mawese, migebuka wawili kwenye sinia, fungu la dagaa, embe, sufuria ya alumini, na kanga iliyotandikwa chini ya vyote. Meza ya namna hiyo ina karibu kila mtihani ambao rangi ya maji inaweza kupewa. Kuna kioo chenye mafuta ndani, ngozi ya samaki inayometa, chombo kinachoakisi jirani zake, tunda lenye rangi tatu zinazoingiana, na kitambaa chenye maandishi.

Tuseme hukumu mapema. Boksi ni zuri na linamtosha mtu kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Mtu hulipaka kwenye manila ya shule, rangi inazama, inafifia, karatasi inachubuka, naye anaamua kwamba rangi ni dhaifu. Rangi hizohizo zikiwekwa kwenye karatasi yake halali zinawaka. Mwenye fedha kidogo anunue karatasi nzuri kwanza, brashi moja nzuri ya pili, na rangi iwe ya tatu.

Ndani ya boksi kuna vidonge nusu 12, yaani vya ule ukubwa mdogo, brashi fupi ya safari, na mfuniko unaogeuka kuwa sahani ya kuchanganyia. Manjano ni mbili, ya limau na ya kadimiamu. Nyekundu ni mbili, ya kadimiamu iliyo karibu na rangi ya chungwa, na ya alizarini inayoelekea zambarau. Buluu ni altramarini na kobalti. Kijani ni viridiani na kijani cha majani. Kisha zinafuata rangi za udongo, yaani oka ya manjano, sienna iliyochomwa ambayo ni kahawia nyekundu, na amba iliyochomwa ambayo ni kahawia ya kiza. Mwisho ni nyeupe ya Kichina. Kwenye majina kadhaa utaona neno "Hue" limeandikwa. Maana yake ni kwamba rangi ya asili ya jina hilo, ambayo ni ghali, imebadilishwa na nyingine ya bei nafuu inayofanana nayo. Viridiani ya boksi hili, kwa mfano, ni kijani chenye alama PG7, namba ya unga wa rangi uliomo ndani. Kwa mwanafunzi hilo si kasoro, lakini ni vizuri kulijua, kwa sababu PG7 ina nguvu kuliko viridiani halisi na ikishashika karatasi haitoki. Ichukue kwa ncha ya brashi tu.

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliokorogwa na utomvu wa mti. Utomvu huo, gamu arabiki, hutoka kwenye mgunga, jamaa ya migunga inayoota kwetu bara. Watengenezaji huongeza kitu cha kushika unyevu, mara nyingi gliserini, ili kidonge kisikauke kikapasuka. Kwa sababu hiyo kidonge kizuri hulainika kwa tone moja au mawili ya maji ndani ya dakika moja. Mazoea mazuri ni kudondosha tone kwenye kila kidonge utakachotumia, kisha kupanga vitu mezani. Ukimaliza kupanga, rangi iko tayari, na hutasugua kidonge kikavu hadi brashi ipoteze ncha.

Kati ya zote 12, altramarini na sienna iliyochomwa ni chanda na pete. Zikichanganywa nusu kwa nusu na maji machache zinatoa kiza kinachokaribia weusi. Ongeza buluu, upate kijivu cha baridi cha tumbo la samaki. Ongeza sienna, upate kijivu cha joto cha kivuli kwenye ukuta wa chokaa. Boksi halina rangi nyeusi, na tunalisifu kwa hilo, kwa sababu nyeusi ya boksini huua picha ya vitu tuli: kivuli kinakuwa shimo. Ukihitaji kiza kizito zaidi, kama ndani ya mdomo wa chungu, changanya viridiani na alizarini. Kobalti haina kazi kubwa mezani mbele ya altramarini. Nyeupe ya Kichina ina habari yake.

Weupe ni wa karatasi

Aliyejifunza macho yake kwenye picha za Tingatinga lazima abadili utaratibu hapa. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya ubao laini, na rangi hiyo hufunika. Unapaka mandhari ya nyuma, unapanda tabaka kwa tabaka, na vidoti vyeupe unaviweka mwishoni. Rangi ya maji haifuniki. Mwanga hupenya rangi, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni. Kwa hiyo cheupe unakiacha tangu mwanzo, chepesi kinafuata, na kizito ni cha mwisho. Doa jeupe la mng'ao kwenye bega la chupa linaamuliwa kabla brashi haijaloa. Ukilisahau, halipo tena.

Hapo ndipo mtu hukimbilia nyeupe ya Kichina, rangi ya zinki ambayo Winsor & Newton waliitoa mwaka 1834. Akiichanganya na nyekundu anapata rangi ya maziwa ya mgando, na picha nzima inapoteza mwanga. Mwingereza William Henry Hunt (1790–1864), aliyesifika kwa matunda na viota vya ndege, aliitumia kwa njia yenye akili zaidi. Alipaka nyeupe chini kwanza, akaiacha ikauke, kisha akagusa rangi safi juu yake kwa ncha ya brashi. Nyeupe ikawa kama karatasi mpya. Ukitaka kuitumia, itumie hivyo, au kwa kidoti kimoja cha mwisho kwenye jicho la samaki, bila kukichanganya na chochote. Vinginevyo toa kidonge hicho na uweke kingine mahali pake.

Njia inayotufaa zaidi huku ni ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne. Katika picha za matunda na vyombo alizochora kwa rangi za maji miaka ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1906, aliacha karatasi wazi pale palipo na mng'ao, akaweka tabaka moja jembamba, akasubiri likauke, akaweka jingine pembeni yake au juu yake. Mistari ya penseli aliiacha ionekane. Katika nchi ya baridi kusubiri huko kunachosha. Kigoma wakati wa kiangazi tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache tu, na mchoraji anaweza kuweka tabaka tano kabla ya chakula cha mchana.

Karatasi

Hapa ndipo fedha iende. Karatasi ya rangi za maji inapimwa kwa gramu kwa mita mraba. Ya fotokopi ni gramu 80, nayo hujikunja kwa mguso wa kwanza. Kima cha chini kwa kazi hii ni gramu 300, yenye uso uliokwaruza kidogo. Uso laini kabisa unaifanya rangi iteleze na kuacha madimbwi, na uso mkali sana unavunja mstari wa jicho la samaki.

Zipo za aina mbili. Za nyuzi za mbao, kama Canson XL, ni za bei ya chini na zinafaa kwa mazoezi na kwa picha zenye tabaka mbili au tatu. Za pamba tupu, kama Arches ya Ufaransa, hubeba tabaka nyingi, huruhusu rangi ifutwe kwa brashi yenye unyevu, na maji hukaa juu yake kwa usawa. Kwa dagaa wa haraka karatasi ya mbao inatosha. Kwa chupa ya mawese, ambayo inataka tabaka nne au tano juu ya sehemu ileile, nunua pamba. Gharama hupungua ukinunua karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76 na kuikata mwenyewe: inatoa vipande 8 vya sentimita 19 kwa 28, ukubwa unaotosha kabisa kwa vitu vitatu mezani.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni gundi ya uso. Karatasi nzuri hulowekwa gundi kiwandani ili isinywe maji kama kitambaa. Gundi hiyo huharibika kwa unyevu. Karatasi iliyokaa dukani misimu kadhaa ya mvua, na mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba zikafika hadi Aprili au Mei, inaweza kuwa imeoza gundi huku ikionekana mpya. Dalili yake ni madoa meusi yanayotokea ghafla pale rangi inapozama, na hakuna njia ya kuyatoa. Kabla ya kulipa, omba kipande cha pembeni na udondoshe tone moja la maji. Tone likisimama kama kichuguu kwa dakika nzima, nunua. Likinyweka papo hapo, acha. Nyumbani, hifadhi karatasi kwenye ndoo pana ya plastiki yenye mfuniko unaobana au kwenye sanduku kavu, mbali na sakafu ya saruji.

Kwa ukubwa huo mdogo hakuna haja ya kuloweka na kuitanda karatasi. Ibandike kwenye plaiwudi kwa tepu ya karatasi pande zote nne. Itavimba ikiloa, kisha itanyooka ikikauka. Usiibandue ikiwa bado baridi ukiigusa kwa nyuma ya kiganja, maana ubaridi huo ni maji ambayo hayajatoka. Tepu ivutwe polepole kuelekea nje ya picha, la sivyo inang'oa ngozi ya karatasi.

Dirisha lipi

Vitabu vya Ulaya vinasema meza iwekwe kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua halipiti upande huo. Ushauri huo ukiufuata Kigoma mwaka mzima utakuharibia picha. Mji uko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini mwetu, na hapo dirisha la kaskazini ndilo tulivu. Miezi iliyobaki jua liko kaskazini, kwa hiyo hamia dirisha la kusini. Mwenye dirisha moja tu aweke kitambaa cheupe chepesi, au karatasi ya kunakilishia ramani, kupunguza ukali.

Saa nazo zina mambo yake. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi tukitumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua la Kigoma hufika utosini karibu saa saba mchana. Mwanga wa ubavuni, ule unaoipa embe umbo la duara na kutupa kivuli kirefu mezani, ni wa saa mbili na nusu hadi saa tano asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya mchana vitu vinakuwa bapa. Na kwa kuwa jua letu hupanda karibu wima, kivuli kinahama haraka. Chora mpaka wa kila kivuli kwa penseli dakika kumi za mwanzo, kisha uufuate huohuo hadi mwisho, hata kama mezani kimekwisha kuhama. Picha nyingi za wanaoanza zina embe lenye kivuli cha asubuhi na chupa yenye kivuli cha mchana.

Chupa ya mawese

Huu ndio mtihani mkuu, na ndio uliotuonyesha boksi lina nini. Mawese asubuhi yana sehemu mbili. Juu ni mafuta yaliyo wazi, mekundu yanayopitisha mwanga. Chini ni mgando mzito wa manjano ya chungwa usiopitisha kitu. Joto likipanda mgando huyeyuka na mpaka kati ya sehemu hizo hupotea. Kwa hiyo mpaka huo uchorwe kwanza. Ukiuacha hadi saa sita, huenda usiukute.

Anza kwa penseli ya HB. Chora mstari wa katikati wa chupa ili mabega yalingane, kisha mdomo na kitako. Duara la kitako liwe limejaa zaidi kuliko la mdomo, kwa sababu unalitazama kutoka juu zaidi. Kosa la kitako kilichonyooka kama rula ndilo huifanya chupa ionekane imebandikwa ukutani. Weka alama ndogo mahali pa mng'ao: mara nyingi ni umbo la dirisha lenyewe, limejikunja kwenye bega la chupa.

Tabaka la kwanza ni manjano ya kadimiamu iliyo nyepesi, chupa yote isipokuwa mng'ao. Acha ikauke kabisa. La pili ni nyekundu ya kadimiamu iliyolegezwa, sehemu ya juu tu iliyo wazi, ukiacha ukanda wa manjano upande ulio mbali na dirisha. Hapo ndipo wengi hukosea. Kwenye kitu kigumu kama embe, upande wa mbali na mwanga ndio wenye kiza. Kwenye chupa yenye mafuta ni kinyume: mwanga unaingia upande mmoja, unapita ndani ya mafuta, na kuwakia upande wa pili. Ukiweka kiza pale, umechora chupa ya udongo. La tatu ni nyekundu ileile pamoja na alizarini kidogo, kwenye kingo nyembamba na chini ya bega. La nne ni alizarini na sienna iliyochomwa, mstari mwembamba tu karibu na shingo. Mgando wa chini haupewi tabaka za kupitisha mwanga. Upake mara moja, manjano ya kadimiamu na oka, rangi nzito kiasi, usiuguse tena.

Amba iliyochomwa isisogee hapa. Mtu huona mawese yana wekundu wa kiza, akaongeza kahawia, na chupa ikageuka mafuta machafu ya kukaangia. Na kivuli cha chupa mezani si kijivu: katikati yake kuna doa la rangi ya chungwa, ule mwanga uliopita ndani ya mafuta. Liweke karatasi ikiwa na unyevu, kivuli cha kijivu kikiwa bado hakijakauka, ili kingo ziyeyukiane. Doa hilo moja humwambia mtazamaji kwamba ni kioo kuliko mistari kumi ya mng'ao.

Kuulinda mng'ao, gundi ya mpira inayouzwa kwa kazi hiyo inafaa, lakini kwa joto letu ina hatari. Ikiachwa juani hushikana na karatasi na kuondoka nayo. Ipake kwa njiti ya meno, kamwe si kwa brashi nzuri, na itolewe siku hiyohiyo. Ncha ya mshumaa mweupe nayo huzuia rangi, ila nta haitoki, kwa hiyo itumie pale tu unapotaka weupe uliochakaa, kama kwenye ukingo wa sinia kuukuu.

Migebuka na dagaa

Samaki hangoji. Jicho ndilo la kwanza kubadilika: saa chache tu na wingu jeupe limeingia. Chora jicho kwanza, likamilike, ndipo uende mwilini. Kitambaa kilicholowa maji baridi, kikitandikwa juu ya samaki kila unapopumzika, hurefusha kazi.

Mgebuka ni mrefu, mgongo wenye kiza cha buluu na tumbo la fedha. Loanisha mwili wote kwa maji safi, ukiacha mstari mkavu pale mwanga unapogonga ubavu. Subiri hadi maji yaache kung'aa kama kioo na yabaki na mng'ao hafifu. Sasa gusa mgongo kwa altramarini na sienna, nzito kiasi, uache rangi ishuke yenyewe kuelekea tumboni. Usiisukume. Ukigusa maji yakiwa bado mengi, kijivu kinakimbia hadi kwenye mkia. Ukiongeza brashi yenye maji rangi ikiwa imeanza kukauka, maji yanasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi. Kosa hili la pili ndilo la kila siku. Dawa yake ni moja: kinachoingia juu ya karatasi yenye unyevu kiwe na maji machache kuliko kilichopo. Oka kidogo kwenye shavu la samaki, alizarini iliyolegezwa kwenye ukingo wa matamvua, na fedha imepatikana bila rangi ya fedha.

Dagaa usiwachore mmoja mmoja. Fungu la dagaa ni mianya. Paka fungu zima kijivu chepesi chenye joto, liache likauke, kisha chora viza vidogo vilivyo kati ya samaki na samaki, vyenye ncha kama majani ya nyasi. Wachache pembeni ya fungu, labda saba, wape macho na mikia. Jicho la mtazamaji litamalizia waliobaki.

Embe linaingia kwa karatasi yenye unyevu: manjano kwanza mahali pote, nyekundu ubavuni, kijani cha majani kwenye kikonyo. Nyekundu na kijani zikikutana moja kwa moja zinazaa tope, kwa hiyo acha ukanda wa manjano katikati. Sufuria ya alumini haina rangi yake. Ina rangi ya jirani zake, na upande unaotazama embe lazima upewe manjano, hata kidogo.

Kwenye kanga watu huanza na maua ya mji na kuhangaika hadi jioni. Anza na mikunjo, kwa kijivu chepesi, kana kwamba kitambaa ni cheupe. Kikikauka, pindo na mji vipite juu ya vivuli hivyo kwa rangi safi, na mstari wa pindo ukatike kila unapofika kwenye mkunjo. Jina la kanga nalo likatike vilevile: herufi mbili zinaonekana, moja imemezwa, tatu zinatokea upande wa pili. Jina lililoandikwa lote kwa ukamilifu huifanya kanga iwe bango.

Brashi, maji na utunzaji

Brashi ya boksini ni ya dharura. Kwa kipande cha sentimita 19 kwa 28 unahitaji ya mviringo namba 8 au 10 kwa sehemu kubwa ya kazi, na namba 3 au 4 kwa macho na kingo. Nywele za kutengenezwa zinatosha. Dukani, iloweshe na uikung'ute mara moja: nywele zikijikusanya kuwa ncha moja, ichukue. Zikibaki na ndimi mbili, iache hata kama ni ya bei kubwa. Usiiache imesimama kwenye kikombe cha maji. Ncha hupinda, na maji hupanda hadi kwenye mti wa mpini ukavimba na kupasua rangi yake.

Mfuniko wa boksi ni mdogo mno kwa kuchanganya kijivu cha kutosha samaki wawili. Sahani nyeupe ya kaure ni bora. Plastiki mpya inafanya rangi ijikunyate kuwa vitone, na huwezi kuona rangi yake halisi.

Maji yawe vikombe viwili, kimoja cha kuoshea na kingine safi cha kuchanganyia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi za madini na yanaelekea upande wa magadi, si maji laini. Kwa kuoshea hayana neno. Kwa kuchanganyia tumia ya mvua au ya kunywa, hasa kwenye tabaka nyepesi za kijivu, ambako ukungu wowote unaonekana.

Gliserini ileile inayolainisha vidonge inavuta unyevu, na boksi lililofungwa likiwa bichi msimu wa mvua huota ukungu. Liache wazi usiku mzima mahali pakavu, ndipo ulifunge. Ukungu ukiota, futa tabaka la juu kwa kitambaa chenye unyevu hadi ufikie rangi safi, na uoshe boksi lote. Kidonge kilichopasuka wakati wa kiangazi kinarudi kwa tone la gliserini ya duka la dawa. Asali hufanya kazi hiyohiyo, na baadhi ya watengenezaji huiweka kwenye rangi zao, lakini sisimizi watakuja.

Picha iliyokamilika isigusane na kioo cha fremu. Weka kadi yenye dirisha katikati yake, ili hewa ipite. Bila hiyo, unyevu hubandika karatasi kwenye kioo, na ukibandua, mgebuka anabaki kwenye kioo.

Vidonge havitaisha pamoja. Altramarini, sienna na manjano ya kadimiamu zitatangulia, labda viridiani ikiwa haijaguswa. Usinunue boksi jipya kwa ajili ya rangi tatu. Nunua tyubu za mililita 8 za rangi hizohizo na ujaze vidonge vitupu: jaza nusu, koroga kwa njiti ili hewa itoke, acha siku mbili, kisha malizia hadi juu, kwa kuwa rangi hunywea ikikauka. Tyubu moja inajaza vidonge nusu vinne hivi. Kwenye nafasi ya nyeupe ya Kichina, weka altramarini ya pili.